Pigo la Pili

Jaji wa Arua ananiuliza pigo la pili.
La kwanza halina ubishi:
mlango umevunjwa, panga liko juu,
Ayikoru wangu ameng'ang'ania kanga yangu kwa nyuma,
nami mkononi nina mchi wa kutwangia simsim.
Hapo sheria iko nawe, asema.

Lakini alipoanguka, mama Candiru,
panga lilikuwa wapi?

Sijui. Taa ilizimika.
Nilisikia kucha zikikwaruza sakafu,
zikitafuta kitu.
Labda panga. Labda mlango.

Wakili anapima kwa hatua zake: mita moja na nusu.
Karani anaandika.
Mchi umelala mezani, umebandikwa namba,
bado wanukia simsim.

Zima kwanza taa hizi, Mheshimiwa,
halafu niulize panga liko wapi.