Dohani

Kitabu kilifika Wete ndani ya sanduku la pampu,
kimekandamizwa baina ya valvu na nyavu za chujio.
Fundi alikwishachana kurasa mbili za mwisho
kujifutia grisi
ndipo baba, karani wa ghala la maji, akakipokonya.

Jalada gumu, pembe zimelika.
Herufi zake nyengine zina vitone viwili kichwani
kama zimetuliwa na nzi.
Si Kiarabu, si Kiingereza.
Khamis Faki, aliyesoma mpaka Unguja,
alikigeuza, akakigeuza tena:
"Hichi kimekosewa kupigwa chapa."

Lakini picha!
Mapaa yamesimama wima, hayana pa kuanika kitu,
na juu ya kila paa kijumba chembamba kinatoa moshi.
Mtoto wa kike, koti jekundu mpaka magotini.
Bata bukini, utepe shingoni.
Na ardhi nyeupe pepepe,
miti haina hata jani moja, na watu wanacheka.

Mama hakusoma herufi, alisoma picha.
Baada ya isha, kibatari katikati yetu,
alitupa habari za mji ule.
"Bata huyu si wao. Ni amana
ya jirani aliyekwenda Mombasa."
Na huu weupe, mama?
"Nazi. Kuna harusi, mji mzima umekuna,
wa kuchuja hayupo."
Usiku mwengine ulikuwa sufi, mito imepasuka.
Mwezi ule mshahara wa baba ulipochelewa
ulikuwa chumvi, na ndiyo maana hapaoti kitu.
Na moshi juu ya mapaa?
"Hao wanapika darini.
Wana wageni, hawataki waonekane na chungu."

Bikombo, mdogo wangu, alilamba ukurasa wa tano
ahakikishe nazi.
Alama ya ulimi wake ipo hadi leo,
duara la manjano karibu na mguu wa bata.
Msimu wa karafuu vidole vyetu vilinata,
na nchi ile ya baridi ikanuka Pemba.

Mwaka wa tatu akaja mtaalamu wa visima, Mfini,
mrefu, shingo imebabuka kwa jua.
Alikunywa chai kwetu,
akakiona kitabu shubakani,
akaweka kikombe chini bila ya kutazama anakiweka wapi.
Alisoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu tasbihi,
kisha kwa Kiswahili chake cha kazini akatufasiria:
"Bata amepotea. Msichana anatafuta.
Anatafuta, anatafuta. Bata amepatikana."

Tukanyamaza.
Mama akamwongeza chai.
"Na jirani wa Mombasa?" Bikombo akauliza.
Mgeni alirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa,
akimtafuta kwa adabu.

Alipofika pale palipochanwa hakusita.
Kidole chake kikapita hewani, mstari kwa mstari,
akasoma kisichokuwepo.
Hakutufasiria hayo.
Wala sisi hatukumuuliza.

Sasa nafundisha, darasa la pili, watoto arubaini na watatu.
Jumatatu niliwaambia: choreni kwenu.
Arubaini na mmoja walichora dohani.
Mapaa ya bati, mapaa ya makuti, yote yanafuka,
na mimi nimezaliwa hapa, nimezunguka mitaa yote,
dohani sijaiona ila kitabuni.

Nikainama kwa Hidaya, binti wa Bikombo.
Kachora kinu. Kachora kanga ya mamaake kambani,
kuku mmoja mkubwa kuliko mlango,
na moshi, mzito, unatoka kwenye makuti.
Huu moshi wa nini, Hidaya?
Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.
"Wanapika darini, mwalimu," akanong'ona.
"Wana wageni."

Wale arubaini wengine sikuwauliza.