Kunde za Kapalata

Tuliwaleta usiku, kwa pikipiki ya Nkwabi,
matenga mawili ya kuku yamefunikwa kaniki,
sungura kumi na mmoja kutoka ng'ambo ya Ugalla,
na mimi nyuma, nimeyakumbatia
kama mtu anayerudisha deni asilotaka lionekane.

Deni lenyewe nalijua kwa jina.
Luhende, baba yangu, alikata waya za breki
za baiskeli zilizokufa,
akazisokota tanzi, akazitega kwenye vijia
vinavyopita chini ya nyasi, upana wa kiganja.
Asubuhi nilitumwa mimi. Miguu yangu ilikuwa myepesi.
Niliwafungua wakiwa baridi, macho wazi,
maana sungura wa porini huzaliwa ameshafumbua
na hata akifa hafumbi.
Tulikula. Sisemi hatukushiba.

Kisha yakaja mabani ya tumbaku,
kila bani na tumbo lake la kuni.
Moto wa kusafishia mashamba ukapita
pale wanapolala kifudifudi, bila shimo, bila mlango.
Kisha sumu ya panya. Kisha vijana na tochi za kichwani.
Hakuna aliyewamaliza.
Kila mtu alichukua mmoja tu.

Mwaka juzi, shuleni kwetu Itobela,
mwalimu Mwashi aliwaambia darasa la pili wachore sungura.
Wakachora kofia. Wakachora suruali
na kitabu kwapani.
Mmoja akauliza: "Alikuwepo kweli, au ni kama zimwi?"
Mwalimu alinisimulia akicheka.
Nilirudi nyumbani, nikapanda dari ya jiko,
nikakuta tanzi za baba zimeumana kwa kutu.
Nikahesabu hadi arobaini, nikaacha.

Tuliwafungulia penye vichuguu,
ardhi bado inanuka mvua ya kwanza.
Afisa wa maliasili alitoka Tabora mjini na fomu;
nikaweka sahihi kwa mwanga wa simu.
Wa kwanza hakutaka. Tuliinamisha tenga, akang'ang'ania,
kisha nyasi zikameza kitu, basi.
Nkwabi akasema, "Nyama ya wiki mbili inaondoka hiyo."
Nikamwambia awashe pikipiki.

Tangu hapo nina daftari. Kila Jumamosi
natembea nimeinama, natafuta mavi,
vidonge vikavu kama choroko zilizovimba.
Watu wa mnadani husema binti Luhende kapoteza pete.
Novemba: wawili, mbwa.
Desemba: mmoja, tanzi.
Waya mpya. Niliutia mfukoni, sikuuliza ni wa nani,
kwa kuwa fundo lile nalijua.
Fundo la kwetu. Kaka alifundishwa na mkono uleule.
Januari: hakuna.
Februari: ukurasa mweupe.

Leo, kabla ya chai, Kapalata kapiga hodi kama polisi,
mkononi mashina ya kunde.
"Tazama! Tazama walivyokata!"
Nimetazama. Si panzi; panzi hutoboa.
Si mbuzi; mbuzi hunyofoa akavuta.
Shina limekatwa mshazari, safi, kama kwa wembe wa kinyozi,
chini kabisa, kimo cha kiwiko cha mtoto.
"Mangapi?"
"Mstari mzima!"
"Na nyayo?"
"Kubwa na ndogo! Wameleta na watoto wao!"

Anadai debe. Nimempimia debe,
kunde zangu za mbegu, nikalitikisa, nikaongeza
mpaka zikamwagika mlangoni,
naye anatafuta ugomvi, hapati pa kuushikia.
Ameondoka akilalamika njia nzima,
sauti inafika hadi shuleni.

Lalamika, Kapalata. Pita nyumba kwa nyumba.
Hapa kwetu hajatukanwa sungura
tangu nilipokuwa na miguu myepesi.