Chumba cha Saba, Salala

Kila Juni, Muskati inapogeuka tanuri
na kitasa cha mlango kuunguza kiganja,
nafunga gesi, nafunga maji,
nageuza ufunguo mara tatu (ya tatu ni ya wasiwasi),
napanda basi la usiku, Ruwi.
Soksi, dawa za presha, mayai manne ya kuchemsha.
Mwanangu Muhanna husema, "Mama, panda ndege."
Namwambia ndege haisimami Haima
mtu akanyoosha magoti.

Asubuhi, kabla mji haujaonekana,
kioo cha dirisha kinatoka jasho.
Dereva anazima kiyoyozi.
Hapo ndipo navua soksi.

Nyumba yetu iko Dahariz, nyuma ya migomba,
ghorofa mbili, rangi ya maziwa yaliyolala.
Vyumba tisa, wapangaji tisa;
mdogo wetu ana miaka sitini na miwili,
ndiye tunayemtuma mkate.
Kodi riyali sitini kwa mwezi, maji ndani.
Umeme twagawana, na ugomvi wetu wote umo humo,
maana Bwana Suleyum hupasha maji
hata ya kunawia mikono.
Mwenye nyumba angepata mara nne kwa watalii.
Hapandishi. Anasema mama yake aliusia hivyo.
Hatumwulizi zaidi, asije akafikiri upya.
Matajiri wako hotelini, ufukweni.
Manyunyu ni yale yale:
nimetoa mkono dirishani, nimeyapima.

Mwezi wa tisa, jua likirudi,
tunafungia vyombo kabatini,
kila kimoja na kipande cha plasta:
Zuwena, sufuria. Suleyum, birika.
Ghaniya, mbuzi.

Mbuzi wa kukunia nazi, alikuja naye kutoka Unguja
kamviringisha kwa kanga mbili.
Mtu wa forodha akauliza, umebeba nini?
Akajibu, mbuzi. Mkalimani akafasiri kwa uaminifu.
Saa nzima, alisema, walimtafuta mnyama.
Kila mwaka alitusimulia, na kila mwaka
saa ile ilirefuka.

Mwaka huu tumefungua kabati watu wanane.
Ghaniya kafia Samail, Februari.
Nilikwenda msibani. Binti yake akaniuliza kwa adabu,
"Wewe ni nani wake?"
Miaka ishirini na sita nilikaa swichibodi ya hospitali
nikiunganisha watu wasioonana,
na siku ile laini yangu ikakatika mdomoni.
Jirani? Jirani wa kharifu?
Njiani nikapiga hesabu: miezi mitatu
mara misimu kumi na mmoja.
Miaka mitatu haitimii.
Lakini nilijua ubavu anaolalia.
Nilijua kikohozi chake kidogo
kinachotangulia uongo mdogo.

Chumba cha saba amepewa Bwana Nahwan wa Ibra,
dereva mstaafu wa basi la shule,
Kiswahili hajui hata neno.
Siku ya pili nikamkuta jikoni
kamkalia mbuzi, anafunga kamba za viatu,
meno ya chuma yamejitokeza kati ya magoti yake.
Kigoda kizuri, akasema kwa Kiarabu,
ila fundi kasahau msumari.

Wote tukanyamaza. Suleyum akazima birika,
jambo ambalo halijapata kutokea.

Nikaenda barabarani kwa wauza nazi,
nikachagua kavu, nikaitikisa sikioni.
Nikaipasua kwa mgongo wa kisu,
nikampa kifuu, nikamshika viganja vyote viwili,
mimi, mjane, mbele za watu,
nikamwonyesha: zungusha, usisukume.
Theluji ikaanza kudondoka kwenye sinia.
Hiki kitu, akauliza, kinaitwaje?

Nikamtajia. Kisha nikamfasiria.
Akatazama mlangoni, akatazama chini ya meza.
"Yuko wapi?"

Tulicheka mpaka mdogo wetu akaja kuangalia kuna nini.
Wali ulikuwa wa nazi, chumvi imezidi.
Usiku, nikiosha vyombo, nikaona plasta
imeanza kubanduka upande wa herufi ya kwanza.
Nikalowesha kidole kwa mate,
nikaibandika.