Vumbi la Roshani

Kila asubuhi Cosima hufagia roshani,
na kila asubuhi vumbi jekundu limekwisha rudi:
juu ya vibanio vya nguo, juu ya mlimau wa kopo,
ndani ya viatu vidogo vilivyoanikwa jana.

Miaka kumi na minane alilimwaga chooni.
Mwaka huu ameanza kuliweka akiba
katika chupa za zeituni, kila moja na kibandiko.
Tarehe tatu Machi, upepo wa kiwandani, shule zimefungwa.
Tarehe tisa, upepo uleule.
Tarehe kumi na moja, Cataldo amekohoa hadi alfajiri.

Usiku huota. Haoti watu, wala maneno;
huota upana.
Huota kitu cha buluu kinachojaribu kukaa
ndani ya kitu chekundu, na hakienei,
na hakiondoki.
Akiamka huipapasa njozi kwenye shuka
kama mtu aliyedondosha pete.

Basi akalitandika shuka lenyewe sakafuni,
shuka la arusi, lenye herufi za mama yake
zilizodariziwa pembeni,
akakoroga vumbi kwa yai na gundi ya seremala,
akapiga magoti.

Hakuchora dohani. Hakuchora hospitali,
wala yule mtoto mwenye macho makubwa
wanayempenda wapiga picha wanaokuja Taranto kutoka Roma.
Alivuta mpako mmoja mrefu, ukingo hata ukingo,
akasimama.
Akavuta mwingine.
Halafu akakaa tu, akiuangalia, muda wa kuchemka sufuria.
Nasema kweli, nilikuwa mlangoni,
nimerudisha chumvi.

Nikauliza, "Ni nini hii?"
Akasema, "Jumanne."

Nikacheka. Mwanangu yuko zamu ya usiku, tanuri la pili;
mkate wangu unatoka katika moto huohuo.
Sikupenda nilichokiona, wala sikujua nimeona nini.
Ila chini, kulia, vumbi lilikonda, likakonda,
hata pamba ikabaki peke yake,
nyeupe, ukubwa wa kisahani,
na jicho langu likaenda pale likajilaza
kama paka aliyepata jua.

"Hapo umesahau kupaka," nikamwambia.

"Hapo sijasahau, Immacolata. Hapo napalinda.
Dirisha halifungi vizuri.
Siku ya nne leo, likitua, napuliza."

Na akainama, akapuliza,
taratibu, kama unavyompulizia mtoto uji.

Sijalala vizuri tangu siku ile.
Jana nimekung'uta mifuko ya ovaroli ya mwanangu
juu ya gazeti. Limetoka vumbi, na tikiti ya basi,
na msumari uliopinda.
Sikuandika tarehe. Mkono ulikataa.
Nimelikunja gazeti mara nne,
nimevaa kandambili,
nimepanda ngazi.