Pipa la Buluu

Muuzaji wa Ngara alinionyesha mtambo mweusi,
kimya kama paka aliyeshiba.
"Huu, mama, hausikiki."
Nikamuuliza: na stima ikipotea?
Akaangalia viatu vyake.

Donholm stima hupotea bila kuaga.
Maji ya mfereji huja Alhamisi, yakikumbuka,
na Kemunto wa ghorofa ya nne
hupanda ngazi na mitungi miwili ya njano,
akipita mlango wangu ulio wazi:
ndani, tangi la kioo, lita elfu mbili,
refu kuliko kitanda,
na samaki saba wanaomtazama.
Hasemi kitu. Nami humsikia.

Basi nikamwita Mutinda, fundi wa mabomba.
Akakata pipa la buluu, akalipanga sponji,
kisha mawe mepesi yenye vitundu, ya Naivasha.
"Wafanyakazi ni vijidudu," akasema,
"sisi tunawajengea vyumba tu."
Pampu moja ndogo, betri ya gari pembeni.
Maji hushuka yenyewe, hupandishwa, hushuka tena.

Lina kelele. Kama mtu anayeosha vyombo
chumba cha pili, usiku kucha, bila hasira.
Wiki nzima sikulala.

Jumamosi huchota ndoo za maji machafu,
yaliyonona kinyesi cha samaki,
nikampelekea Kemunto
kwa sukuma wiki zake za juu ya paa.

Jana alibisha hodi, mikono mitupu.
"Wacha nisikilize kidogo."
Tukaketi gizani, stima imekwenda,
pipa likiendelea na vyombo vyake.
Akauliza kama samaki hulala.
Nikamwambia sijui.