Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Mustvee, jua hutoka majini.
Gdov, jua huzama majini.
Ziwa ni lilelile. Sisi tunaliita Peipsi,
wao Chudskoye, na tangu hapo
hatujapatana kwa mengi.

Sisi watu wa alfajiri:
barabara moja ndefu kama uzi wa kushonea,
vitunguu vimesukwa mikia, vimening'inizwa barazani,
moshi wa samaki umewatangulia jogoo.
Dukani tunasema neno moja, tunalipa, tunatoka.
Wao watu wa jioni. Hukaa juu ya mawe ya ngome iliyobomoka
wakitafuna mbegu za alizeti,
wakibishana hata na kiberiti kilicholowa.
Ndivyo alivyosema mama, naye kazaliwa kwao,
kwa hiyo punguzeni chumvi.

Kiangazi saa zetu ni pacha.
Mama akipiga simu saa mbili usiku
mama mkubwa Kapitolina huipokea saa mbili usiku,
na jua bado liko juu ya maji, halina haraka na yeyote.

Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba
huku kwetu mishale hurudishwa nyuma saa moja.
Gdov hawarudishi kitu.
"Walichukua meli nikanyamaza," mama alisema,
"wakaweka mpaka nikanyamaza.
Saa ya dada yangu hawaigusi."
Akaiacha ile ya jikoni kama ilivyo.

Basi kila majira ya baridi
alilala Mustvee, akaamka Gdov.
Alifika kwa Helju muoka mikate mlango bado komeo,
akasimama kwenye theluji na kikapu chake
kama mtu aliyekosea msiba.
Nilipita ng'ambo ya barabara nikienda shule.
Nilijifanya simjui.

Mwaka wa tatu Helju akaanza kufungua mapema.
Hakueleza. Aliweka kiti kando ya tanuri,
akaendelea kukanda.

Januari ile ziwa liliganda hadi likawa linanguruma usiku.
Lavrenti, binamu yangu, alipiga simu.
Kapitolina amefariki, alisema,
saa sita na dakika ishirini, Ijumaa, tarehe tisa.
Nikatazama simu mkononi:
saa tano na nusu, Alhamisi, tarehe nane.
Saa ya jikoni ilikuwa upande wa Lavrenti.

Mama akapanda juu ya stuli.
Kwa mara ya kwanza akaurudisha mshale,
mzunguko mzima, kwa kidole kinachonuka vitunguu.
"Huku bado," alisema. "Huku ana dakika hamsini."

Akachemsha chai. Akamimina vikombe vitatu.
Akamweleza dada yake bei ya samaki,
paa linalovuja, jino langu,
na ile skafu ya kijani, ndiyo, mimi ndiye niliyeichukua,
mwaka ule wa mafuriko, usijifanye hukujua.
Alicheka mahali fulani. Sikuuliza wapi.

Ilipofika saa sita na dakika ishirini
akajifanyia ishara ya msalaba kwa vidole viwili, kama wazee wetu,
akakimwaga kikombe cha tatu kwenye sinki.

Nikamwuliza Zinovi, anayetuongozea sala,
mshumaa wa kila mwaka tuuwashe tarehe nane au tisa.
Alikuwa akiparua theluji mlangoni, hakuinua kichwa.
"Usiku ni wa siku unayoiamkia," alisema.
"Amekufa usiku wa kuamkia Ijumaa.
Huku Ijumaa, kule Ijumaa.
Nipe lile koleo."

Jumatatu mama alifika dukani kwa saa ya Mustvee.
Helju alikuwa amefungua tangu saa nzima iliyopita,
kiti kando ya tanuri, mkate umefungwa kwa kitambaa
usipoe.
"Umechelewa," alisema.
Sikumsikia akisema neno jingine
mwezi ule wote.