Mshika Kamba

Mvuto mmoja: niko salama.
Miwili: nilegezee.
Mitatu: nishushie nyundo.
Minne, usiulize. Vuta.

Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yetu pale Mbaraki
miaka ishirini na sita, mimi juu ya tishari,
wao chini ya matumbo ya meli.
Maji ya Kilindini si yale ya kwenye picha za watalii.
Pima saba chini ni kahawa tungu,
mkono wako mwenyewe unaupunga, huuoni.
Mbwarali Shee alisema macho yamemshukia vidoleni.
Akishapapasa mkuku hupanda, huvua barakoa, akakwambia:
hii imelala Karachi miezi miwili, ina chaza wa kule.
Tukimcheka. Nahodha akiulizwa, anaitikia.

Mwaka huu wamekwenda watatu.
Hakuna aliyechukuliwa na maji.
Hilo ningependa liandikwe mahali.

Mbwarali, sukari. Kwanza kidole, halafu mguu,
halafu Jumanne kabla ya adhuhuri.
Tulimzika Kikowani alasiri.
Wanawe walipomlaza mwanandani
viganja vyangu vilifunguka vyenyewe,
vikingoja uzito wa kamba.
Mtu akanitia koleo mkononi. Nikafukia.

Nyale Chigulu alikuwa Makadara, wodi ya juu,
mpira wa hewa puani, mtungi kando ya kitanda.
Akanionyesha geji kwa kidevu: "Umebaki robo.
Waambie. Hawa hawajui kusoma chupa."
Yeye ndiye aliyekata waya uliojisokota kwenye rafadha
ya meli ya ngano, usiku, kwa msumeno wa mkono,
huku juu mhandisi akitaka kujaribu injini.
Nilimrukia mhandisi yule. Nikakatwa mshahara wa siku tatu.
Chigulu alinilipia kodi ya nyumba, hakuitaja tena.
Alipozimika, nesi alikuwa bado anatafuta mtungi mwingine.

Na Zakaria Mwandembo, mwana wa milimani,
aliyeiona bahari ana miaka kumi na tisa
akaenda kuishi chini yake.
Kwao walitaka alale Wundanyi.
Nilikaa mbele na dereva.
Mariakani nikamwambia simama.
Akadhani nataka chai.
Voi nikamwambia simama. Mwatate pia,
pale barabara inapoanza kujikunja,
dakika kumi, kwa saa.
"Mzee, maiti huharakishwa," akasema.
Nikamjibu: huyu hapandishwi mbio.
Atokaye kina kile akivutwa haraka
damu yake hutoa povu kama soda iliyotikiswa.
Nimemwona kijana akijipinda sitahani,
hadi leo anatembea kwa mkongojo.
Mwandembo tulimpandisha kituo kwa kituo
kila siku ya kazi yake.
Leo ndiyo tuvunje kanuni?
Dereva akazima injini.
Tukasikiliza kriketi majanini, sisi watatu.

Hawana mnara. Majina yao yalikuwa
kwenye daftari za vibarua, na daftari
zililiwa na mchwa kwenye ghala la Shimanzi.
Feri ya Likoni inapita juu ya mahali
walipolifumua lile tishari lililozama,
watu wamebeba mikungu ya ndizi, mikoba ya shule,
mmoja anagombana na simu.
Na ni sawa. Kazi ya chini ilikuwa hiyo:
wa juu wapite bila kujua.

Kamba ninayo bado. Iko uani, Mikindani,
mke wangu anaanikia mashuka.
Upepo ukiivuta mara moja
naacha nilichoshika, naenda,
nami naivuta mara moja.
"Utaniangushia nguo," anasema.